Mwanamke Juu ya Ng'ombe Dume

Mwaka jana nilirudi Mutsamudu, ndugu yangu, na hata viatu sijavua vizuri nikaingia chumbani kwa dada kutazama ukuta. Mtupu. Picha haipo!

Ngoja nikueleze. Enzi zile mamluki wa Kizungu wakitamba Moroni, mjomba alikuwa mpishi wao. Mmoja alipoondoka alimwachia picha kubwa ya rangi za mafuta, nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya, fremu yake imejaa majani ya kuchongwa yaliyopakwa dhahabu. Mjomba akaileta kwetu kwa meli. Mwanamke mweupe, mnene, kifua wazi, amepanda ng'ombe dume anayekata mawimbi. Mjomba alisema ni hadithi ya Wayunani: yule ng'ombe ni mungu wao, kajigeuza ili amwibe binti wa mfalme.

"Astaghfirullah!" bibi akasema, na kesho yake akamshonea yule mwanamke wa pichani shiromani, nguo nyekundu wanayojitanda wanawake wa kwetu, akamsitiri toka mabegani hadi magotini. Alipendeza, wallahi, kama bibi harusi wa kisiwa chetu, Ndzuani.

Nilimpenda mno. Nikipeta mchele, nikisaga liwa ya kujipaka usoni, karafuu zinanukia uchochoroni, macho yangu kwake. Lakini kwetu nyumba ni ya binti wa kwanza, na vyote vilivyomo, hadi kinu. Mimi ni wa pili.

"Picha ni ya nyumba," alisema bibi, "na nyumba ni ya dada yako."

Na dada hata haitazami! Wivu ulinichoma hadi nikasusa mataba, majani ya muhogo ya kwetu, na mataba ya bibi, na tui lake zito, si kitu cha kususa. Siku ya harusi yake kubwa dada aliketi chini ya picha ile, dhahabu hadi viwikoni. Mimi nilizungusha sinia za keki, nikitabasamu kwa meno tu.

Basi mwaka jana nikamuuliza, "Dada, picha iko wapi?"

"Ipi? Ile ya ng'ombe? Iko uani, mdogo wangu. Nimefunikia banda la kuku. Haivuji hata tone!"

Nikatoka kuitazama. Rangi imebanduka yote. Bibi hayupo, mjomba hayupo, na mamluki walikwenda zao zamani. Nilitaka kulia, nilitaka kumrukia. Lakini dada alikuwa anacheka, anawatupia kuku chenga za mchele, hana habari, nikajikuta namwonea wivu upya. Mimi nimekililia kitu kile umri wangu wote. Yeye alikuwa nacho mpaka akakichoka.