Jina langu lilikuwa kwenye kibali cha Mturuki na mimi sina habari

Wakuu, kwema humu?

Leo sijaja kulalamika. Nina furaha inanisumbua, nimeona niwagawie. Yote haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wengine wamo humu ndani, wanasoma kimyakimya.

Mimi ni mtoto wa Kisarawe. Nimepanga chumba Kibaha kwa sababu kazi yangu iko Zegereni, kwenye kiwanda cha madumu ya plastiki.

Kazi yenyewe ilikuwa kukata mabaki ya plastiki kwenye midomo ya madumu. Kisu, dumu, kisu, dumu. Zaidi ya miaka miwili.

Mashine inayotoa hayo madumu ilikuwa na mwenyewe, Mturuki mmoja, tumwite Orhan. Mtu mzima, mpole, glasi ya chai haimtoki mkononi. Kiwanda ndicho kilichomwombea kibali cha kazi, kwa sababu hapa hakukuwa na anayeijua mashine ile. Ikigoma anaitwa Orhan, sisi tunasogezwa pembeni.

Siku moja akaja afisa kazi, mama wa makamo na faili lake. Kibali cha Orhan kilikuwa kinakaribia kwisha, na kiwanda kilitaka aongezewe muda. Mara namwona dada wa HR anakuja mbio na ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Seif, vaa hii haraka. Ukiulizwa, wewe ni msaidizi wa Orhan."

"Tangu lini, dada?"

"Tangu mwaka juzi. Si ulisaini mwenyewe?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Mwaka juzi niliwekewa karatasi nikasaini, nikijua nasainia buti za kazini. Na buti zenyewe sikuziona.

Kumbe mwajiri akileta fundi kutoka nje, anatakiwa aandike jina la Mtanzania anayefundishwa ile kazi. Lengo ni kwamba kibali kikiisha, mgeni arudi kwao na ujuzi ubaki hapa. Jina lililoandikwa lilikuwa langu. Kwenye karatasi nilikuwa mwanafunzi wa Orhan. Kwenye maisha nilikuwa na kisu changu.

Yule mama akaniuliza, "Mashine ikitoa dumu lenye upande mwembamba, unaanzia wapi?"

Nikamtazama HR. HR akatazama dari.

"Samahani mama," nikasema, "mimi hiyo mashine sijawahi kuigusa."

Nikajua kibarua kimeota nyasi. Lakini mama hakufoka. Alimwambia meneja kwamba atapendekeza Orhan apewe miezi sita ya mwisho, basi. Kabla haijaisha atarudi, na mimi nitaiendesha mashine mbele yake.

Alipotoka tu HR akaniambia, "Ukituaibisha tena, hata hicho kisu hukipati."

Kiwanda kizima kilinuna. Aliyefurahi alikuwa mmoja tu, Orhan.

Alinionyesha picha kwenye simu yake. Mjukuu wake wa kwanza, kazaliwa yeye akiwa Zegereni. Kila akiomba kurudi kwao alikuwa anaambiwa hakuna wa kumwachia mashine. Na mimi muda wote huo nilikuwa nimesimama hatua kumi nyuma yake. Iliniuma kidogo, nisiwadanganye.

Basi tukaanza.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kiingereza changu ndio usiseme. Tukaelewana kwa mikono na chaki, tunachora sakafuni. Wiki za mwanzo alinionyesha kila kitu mara tatu tatu. Baada ya hapo akabadilisha mtindo.

Mzee akawa ananiharibia mashine makusudi. Nikienda kula, nikirudi nakuta kuna kitu kakilegeza mahali. Yeye kageuza ndoo tupu, kaikalia, chai mkononi, ananiambia neno moja tu: "Tafuta."

Wakuu, kuna siku nilitamani kumrushia dumu. Nahangaika saa nzima, jasho linanitoka, yeye anapuliza chai. Nikipata, anapiga makofi kama timu yake imefunga goli.

Ramadhani nikampeleka Kisarawe akafuturu kwetu. Alimwamkia mama shikamoo safi kabisa, halafu akampa shikamoo na mdogo wangu wa darasa la tano. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Tulipokuwa kwenye muhogo wa nazi, mama akanigeukia. "Baba, huyu mwenzio anakufundisha kwa moyo. Na wewe unajifunza kwa moyo?"

Nilimjibu ndiyo, na ilikuwa kweli.

Siku ya siku ikafika. Mama afisa kasimama na faili lake, meneja yupo, HR yupo. Nikawasha mashine. Dumu la tatu likatoka upande mmoja mwembamba, ukilibonyeza linaingia ndani.

Nikamtupia jicho Orhan. Kakaa kwenye ndoo yake, chai mkononi. Moyoni nikasema huyu mzee hata leo haniachi. Presha yote ikaniisha, maana mchezo ule nilishauzoea.

Nikazima umeme. Nikapitia hita za kuyeyusha plastiki, moja baada ya nyingine. Ya chini kabisa waya wake ulikuwa umeungua. Nikaibadilisha, nikawasha, nikasubiri joto lipande. Dumu lililofuata nililibonyeza pande zote nikampa mama afisa. Na yeye akalibonyeza, akatabasamu, akaandika.

Walipoondoka nikamfuata Orhan. "Yaani mzee, hata mbele ya afisa?"

Akatikisa kichwa. "Seif, leo mimi gusa hapana."

Kumbe waya uliungua wenyewe. Nikakaa kwenye ile ndoo na chai yake nikaimalizia mimi.

Orhan aliondoka na mfuko wa korosho kutoka kwa mama yangu. Siku hizi ananitumia video za mjukuu anajifunza kutembea.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi huu. Wenye kiwanda wana kingine Malawi, na kule wamenunua mashine kama yetu. Aliyeombewa kibali cha mwaka mmoja, kama fundi kutoka nje, ni mimi. Seif wa Kisarawe.

Safari hii fomu niliisoma yote, HR akiangalia saa. Karibu na mwisho nikakuta jina la mtu atakayefundishwa nami. Chikondi.

Nikaomba wapigiwe simu kule kabla sijasaini. Nikauliza, huyu Chikondi anajua? Wakasema yuko stoo, anafunga mizigo. Nikasema aitwe.

Alikuja, binti wa watu, anahema. Hakuwa anajua lolote. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuunga.

Akaniuliza, "Utanifundisha kweli?"

Nikamwambia kibali kikitoka tu, aniwekee ndoo tupu ya kukalia karibu na mashine. Chai nitajinunulia.

Kibali kimetoka wiki iliyopita. Naondoka Jumatatu.

Nilichojifunza ni kimoja. Karatasi ya kazini isome kabla ya kusaini, huenda kuna nafasi yako imelala humo. Na kama kazini kwenu kuna fundi mgeni, ulizeni nani kaandikwa kuwa anafundishwa. Aliyewahi kusainia asichokijua naye atupe chake hapa chini, nitasoma huku napanga begi.

Na dada wa HR, najua uko humu. Buti zangu bado.