Pa Der Ajifungua Nyumbani kwa Baba Yake

Kia alimwona bintiye akishuka njia ya kondeni, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukishikilia mianzi ya ua, akajua kabla hajaambiwa. Tumbo lilikuwa limeshuka.

"Si ulitoka alfajiri kwenda kwa mumeo?"

"Nilitoka, mama. Mto umebeba daraja." Pa Der aliinama, akauma ncha ya kilemba chake. "Mama, uchungu haunisubiri."

Mvua ilikuwa inapiga. Hata hivyo hakuna aliyemwambia Pa Der aingie ndani. Binti akishaolewa ni wa mizimu ya mumewe, na damu ya uzazi wake haipaswi kumwagika chini ya paa la babake. Ikimwagika, mizimu ya nyumba hukasirika, na wenye nyumba hufa mmoja baada ya mwingine. Hilo hata watoto wachunga nguruwe walilijua.

Kia alilijua kuliko wote. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, dada yake Blia alirudi nyumbani vivyo hivyo. Baba yao, mtu mpole, alilia huku akikata majani ya migomba, akamjengea kibanda nyuma ya zizi. Kia alimpelekea dada maji ya moto mara tatu. Mara ya nne hapakuwa na wa kumpa. Tangu siku hiyo Kia hakumlaumu mtu kwa mdomo, wala hakusahau.

Sasa Za Teng, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mganga wa mlima ule, wa kwenda kuzifuata roho za wagonjwa zilizopotea na kuzirudisha. Halafu mwezi uliopita akaja mzungu mhubiri mwenye miguu mirefu, pamoja na kijana wa kabila jirani la Wakhmu wa kumtafsiria. Za Teng aliwasikiliza siku mbili. Siku ya tatu aliibandua madhabahu ya mizimu ukutani, karatasi zake, manyoya yake ya kuku na damu iliyokauka, akaitia motoni yote. Kia alisimama nyuma yake na mtungi wa maji, asijue kama alitaka kuuzima moto ule au la.

Lakini leo mkono wa Za Teng ulikuwa umeshachukua panga, na macho yake yalikuwa kwenye migomba.

"Weka panga hilo, baba Pa Der," alisema Kia.

"Kaka, usimsikilize!" Chong Tou, mdogo wake Za Teng, alipaza sauti kutoka upenuni kwake, nyumba ya pili. "Karatasi umechoma, haya. Mzungu wako analala zake huko bondeni. Tutakaozikwa ni sisi!"

"Mzungu alisema huyo Bwana wake ana nguvu kuliko mizimu yote ya nyumba hii," alisema Kia. "Alisema, hakusema?"

"Alisema."

"Na wewe ukaitikia, nikakusikia. Basi itikia tena."

"Na kama nimekosea, mke wangu?"

"Tutakufa hatujalowa."

Za Teng alilegeza vidole, panga likaanguka matopeni. Kia akamshika bintiye kwapani, akamvusha kizingiti. Walipoipita nguzo ya kati, makao ya mizimu ya nyumba, nywele zilimsimama Kia mpaka shingoni, lakini hakugeuka.

Za Teng aliketi akaegemea nguzo ile, akatokwa jasho kuliko mzazi mwenyewe. Alitaka kuomba, na sala aliyofundishwa ilikuwa moja tu. Akafumba macho.

"Asante Bwana kwa wali huu na mboga hizi. Asante Bwana kwa wali huu na mboga hizi."

"Wali gani tena?" aliuliza Chong Tou kutoka nje.

Pa Der alicheka katikati ya maumivu, na katika kucheka huko akasukuma. Mtoto akatoka. Wa kiume, wa ukoo wa Yang kwa baba yake, analia ndani ya nyumba ya babu yake, ya akina Xiong.

Kisha kila mtu akatazama juu. Mvua iliendelea kupiga paa. Kipande cha masizi kilidondoka, kikatua begani kwa Za Teng. Walingoja. Hakuna kilichofuata. Kia alihisi kama amesimama ukingoni mwa jabali, na huko chini, alikoambiwa maisha yake yote kuwa kuna shimo, kuna ardhi.

"Ngojeni siku tatu," alisema Chong Tou. "Mizimu huja siku ya tatu."

Siku ya tatu asubuhi Kia alikuwa anampikia mzazi kuku kwa majani ya dawa. Chong Tou alichungulia mlangoni.

"Mko hai?"

"Ingia ujionee, shemeji."

Akaingia, akitanguliza mguu mmoja kama anayepima maji. Alimwendea kaka yake, akamshika kifundo cha mkono, vile Za Teng mwenyewe alivyokuwa akiwapima wagonjwa, akainamisha kichwa kusikiliza. Alisikiliza muda mrefu.

"Mshipa unapiga," alisema kwa sauti ndogo, wala hakuuachia mkono ule.

Kia alimimina mchuzi wa moto kwenye bakuli la bintiye, akampelekea, na safari hii palikuwa na wa kuupokea.