Nilivyomlilia Mzee wa Kwenye Fulana

Asubuhi ile niliondoka Malindi bila kujua niendako, na jioni nikajikuta Junju, sina ndugu wala pa kulala. Kwenye uwanja wa nyumba moja palijaa watu, masufuria yakichemka, na wote wamevaa fulana zenye sura ya mzee mmoja wa mvi. Shule niliiacha mapema, lakini fulana za matanga nazijua. Na matangani mgeni hafukuzwi; hulishwa, akapewa na mkeka. Mgongoni palikuwa na maandishi, ila njaa haisomi.

Nikaingia nikilia. "Mzee wangu! Umetuacha na nani?"

Watu wakatazamana. Nikadhani sijalia vya kutosha, nikajitupa chini.

Msichana mmoja akanishika bega. "Kaka, soma mgongoni."

Nikasoma: *Mvi si uchawi.*

"Nimemaliza chuo juzi, kazi yangu ni kubuni michoro," akasema. "Wazee hapa wanakatwa mapanga kwa sababu ya mvi. Leo tumewaalika watu wale na wavae sura ya babu yangu, waizoee, wasimwogope."

"Kwani babu hakufa?"

"Bado," ikajibu sauti nyuma yangu. Nikageuka. Sura ya kwenye fulana ilikuwa imenishikia sahani ya wali.

"Shikamoo, babu," nikasema, makamasi yakinitiririka.

"Marahaba. Wanaotaka nife nawajua, ila aliyenililia ni wewe tu. Utalala kwangu, karibu na mlango. Na ukisikia hatua usiku, mjukuu wangu, lia vivyo hivyo."