Injini Iliyonguruma Langoni kwa Wakwe

Mjukuu wangu ana gari yenye tabo. Jinsi alivyonieleza, tabo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili gari ipate nguvu, na ukiikimbiza sana kinakuwa moto kama jiko. Kwa hivyo ukifika usizime mara moja. Unakaa. Injini inanguruma, mafuta yanazunguka kukipoza, na wewe umetulia humo ndani kama kuku anayeatamia. Haya, nimeelewa. Nimekaanga mifupa ya samaki wa mbuta, ile tunaita mgongo wazi, pale mtaani Manyatta tangu baba yake hajaota meno. Najua mafuta yakisimama kwenye chuma cha moto yanaungua na kugandia. Sikatai tabo. Nakataa ujinga.

Siku tuliyompeleka Kombewa kujitambulisha kwa wazazi wa msichana wake, mimi nilikuwa nimevaa kabla jogoo wa jirani hajanyamaza. Shangazi yake, ambaye ni binti yangu mwenyewe, tukamkuta saluni kule Mamboleo bado anasukwa. Nusu kichwa! Tukamngoja mpaka nikachoka kukasirika. Na msichana alikuwa ametuonya: mamake hapendi watu wa kuchelewa, kuna kijana mwingine alirudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Basi mjukuu wangu akakanyaga mafuta. Kutoka Kisian malori tuliyapita kama yameegeshwa. Shangazi alishika nywele zake mpya, mimi nilishika Mungu.

Tukafika. Watu wa boma walikuwa wamejipanga langoni, mama wa msichana mbele, kitenge kimenyooka, wanawake nyuma yake tayari kwa vigelegele. Nikatengeneza uso wa ukweni. Gari ikasimama. Injini haikusimama.

"Zima," nikamwambia.

"Dani, ngoja kidogo," akasema; dani kwetu ni nyanya, mama wa baba. "Tabo ni moto."

"Na yule mama pale, unamwona ni baridi?"

"Nikizima sasa itakufa."

"Wacha ife! Tutaichangia matanga."

Hakuzima. Huyu niliyemlea kwa mgongo huu, mtu wa kwanza kwetu kununua gari, hakuzima. Na kwetu, mgeni anayefika ukweni akaacha gari inanguruma ni mtu ambaye hajaamua kama anakaa. Mama wa msichana akangoja. Akatazama moshi wetu ukiwapulizia wanawake wake. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Hawa wana haraka ya kurudi kwao. Wakishaamua, tutajua."

Akageuka. Lango likafungwa.

Ilipopoa, mjukuu wangu akazima na kupumua kama mwanamke aliyejifungua salama. Kukawa kimya. Sasa hapo ndipo balaa lilipokuwa. Mgeni wa ukweni hapigi hodi wala hasukumi lango. Anapokelewa. Wao ndani wanangoja tuamue, sisi nje tunangoja kupokelewa. Mjukuu wangu akampigia msichana, simu imezimwa. Siku kama hiyo msichana anafungiwa chumbani na shangazi zake, simu wanaichukua. Jua likatupiga. Harufu ya kuku ikatoka ndani, ikatupita, ikaenda zake.

"Tupige honi," binti yangu akasema.

"Ukweni? Wewe ulilelewa na nani?"

"Na wewe."

Nikamwacha, nikamgeukia dereva. "Kama unajua hiki kitu chako lazima kipoe, mbona hukuendesha polepole kutoka pale sokoni Kombewa? Kingepoa njiani, ufike uzime kama watu."

"Tungechelewa zaidi, Dani."

"Na sasa tumewahi?"

Akaangalia usukani. Macho yalikuwa yamejaa machozi, mwanamume mzima, na hapo ndipo niliogopa. Nikalitazama lile lango.

"Washa gari."

"Tunaenda? Dani, tafadhali, tusiende..."

"Washa! Na uikanyage ilie."

Akaiwasha. Ikalia. Hata hatujasogea, lango likafunguka kwa kishindo, wanawake wakatoka mbio, mmoja na mwiko wa ugali mkononi. Mama wa msichana alikuwa mbele yao bila viatu. Akaingiza mkono dirishani, akashika wangu.

"Mama! Mnaenda wapi na chakula kiko mezani?"

"Hatuendi popote. Tulikuwa tunapiga hodi."

Akaniangalia. Akaiangalia gari. Kicheko kikamshinda, na nyuma yake vigelegele vikaanza. Mimi nikashuka, binti yangu akashuka na nywele zake. Mjukuu wangu bado amekaa, injini inanguruma.

"Zima!"

"Dani, kidogo tu, tabo..."

"Imekimbia wapi? Imetoka wapi ikaenda wapi?"

Akazima.

"Huyu ndiye mnataka nimpe binti yangu?" mama wa msichana akaniuliza, mkono wangu bado hajauachilia.

"Ndiye," nikasema. "Angalau subira yake umejionea."