Saa Moja Kati ya Baraka na Kinshasa

Nilitoka Baraka kwa sababu mdogo wangu Wilondja alikataa kupasuliwa. Alikuwa amelazwa Kinshasa, tumbo limemvimba, na madaktari walikuwa wamesema Jumatano, saa nne asubuhi. Yeye akawajibu kwamba bila mkono wa yaya, dada yake mkubwa, kichwani haingii chumba cha kupasulia. Ndivyo tulivyolelewa nyumbani kwetu: mkubwa ndiye anayembariki na kumwachilia mdogo. Wazazi walishakufa, nilibaki mimi.

Jumatatu asubuhi nilipanda boti ya injini kwenda Kalemie, nikiwa na kifurushi cha ndagala wakavu, vile visamaki vya ziwa letu, maana kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Mbele ya Kazimia mawimbi yalitupiga, nikatapika mpaka nyongo. Tulifika kesho yake mchana, miguu imevimba. Niliogopa kweli. Kama kipande hiki cha ziwa kimetula hivi, Kinshasa kule mwisho wa nchi nitafika lini?

Jumatano, saa moja asubuhi, ndege iliruka nasi kutoka Kalemie. Nilimuuliza mzee aliyekaa kando yangu, mfanyabiashara wa vitenge: "Papa, tutalala wapi njiani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, hakuna kulala. Ni masaa mbili tu."

Nilidhani ananitania. Zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano! Chini ilikuwa msitu, mto, msitu tena, na mimi nimekamata kiti kwa mikono yote miwili. Kumbe hakunitania. Tulishuka ndala zangu zikiwa bado na mchanga wa Kalemie.

Kinshasa, nje ya uwanja wa ndege, saa yangu ya mkono ilisema saa tatu na nusu. Nikapanda teksi, na teksi ikaenda kusimama kwenye msongamano. Saa nne ilipita tumesimama palepale. Nililia kwa sauti, bila haya, hadi dereva akazima redio.

Hospitalini niliingia mbio, saa yangu ikisema nne na nusu. Mama Neema, mke wa Wilondja, alikuwa mlangoni.

"Yaya Riziki! Unalia nini?"

"Balishamuingiza kwa kupasuliwa bila miye!"

"Nani? Iko kwa kitanda anakungoja. Angalia saa ya kwa ukuta."

Nilitazama. Saa tatu na nusu.

"Saa ya huku iko nyuma ya saa yenu. We haukujua?"

Sikujua. Nina mvi kichwani, na sikujua kwamba nchi yetu moja ina saa mbili. Nilikaa chini sakafuni, nikicheka na kulia.

"Yaya, uliniletea nini?" Wilondja aliniuliza kutoka kitandani kabla hata ya salamu. Alikuwa amekatazwa kula, basi nikamfungulia kifurushi anuse tu. Alifumba macho akavuta harufu ya ndagala. "Eh! Hii njo Baraka yenyewe." Nilimwekea mkono kichwani, nikamwambia: "Enda, nimekuachilia." Saa nne walimchukua.

Tukiwa tunangoja, Mama Neema aliirudisha saa yangu nyuma ili nisichanganyikiwe tena. Kisha daktari akatoka, amevua kofia, akatuambia Wilondja amekufa kwenye meza. Machozi sikuyapata, nilishayamaliza ndani ya teksi na pale sakafuni.

Tulimzika kulekule. Siku ya kurudi, tuliposhuka Kalemie, kila abiria alikuwa anasogeza saa mbele. "Mama, na yako," mmoja akaniambia. Nilificha mkono ndani ya kitenge.

Kabla ya safari nilidhani umbali ni kilomita. Sasa najua kwamba nchi nzima inavukwa kabla ya chakula cha mchana, na kutoka mlango wa chumba kile cha kupasulia hadi ndani hapavukiki. Hapa Baraka wananicheka, kanisani nafika watu wanatoka. Wacheke. Kila asubuhi, kwao ikigonga saa nne na nusu, mkononi mwangu bado ni saa tatu na nusu, na Wilondja hajaingia.