Jina Langu la Mikono

Binti yangu hasikii tangu azaliwe, na nilipompeleka shule ya bweni ya viziwi hapa Kasulu, mwalimu wake sikumwamini. Nyumbani tunaongea Kiha, shuleni wanaandika Kiswahili, halafu eti kuna na lugha ya mikono. Mwalimu gani anafundisha bila kufungua mdomo? Nilijua ananificha kitu.

Siku moja nikatoka kwetu Makere bila kumwambia, nikaenda kuchungulia dirishani. Ubaoni palikuwa na neno "mama". Binti yangu akalisoma, kisha akainamisha kichwa na kufinya jicho moja. Wenzake wakaniona dirishani, wakaangua kicheko.

Mwalimu akatoka nje. Nikamuuliza kwa ukali wananisema nini.

"Hawakusemi, mama. Viziwi humpa kila mtu jina la ishara, kwa kile anachojulikana nacho. Hilo ni lako. Mtoto alikuja nalo kutoka nyumbani."

Nikamwambia huo ni uongo, mimi simwangalii mtu hivyo. Nikamkazia macho, na ndipo nikahisi jicho langu la kushoto limejifinya lenyewe.