Mate Juu ya Mawe ya Babu

Mpaka leo nikisikia harufu ya mkojo kwenye jua kali, nabadilisha njia, na najua chanzo chake. Ni kijijini kwetu Kisaju, kwenye rundo la mawe lililomfunika babu yangu, baba yake mama.

Reli ilikuwa ipite hapo. Kabla ya matingatinga wakaletwa wataalamu wa mambo ya kale, waangalie kama ardhi ina kitu cha kuhifadhiwa. Mimi niliajiriwa kuchekecha udongo wa mashimo yao. Nikipata kipande cha jiwe jeusi linalong'aa, masalio ya visu vya watu wa kale, mkubwa wao alikipokea kama yai na kukifungia kwenye mfuko wake peke yake. Rundo la babu lilikuwa karibu hapo tu. Wafanyakazi walilifanya choo, na mkubwa huyo aliwaona.

Zamani kwetu maiti waliachwa porini. Aliyefunikwa mawe ni mzee wa heshima, na kila mpita njia humwongezea jiwe lake, ndiyo maana mawe ya juu huwa mapya. Mama alikuja kuomba rundo lisiguswe. Kwanza akaokota jiwe, akalitemea mate, akaliweka juu. Yule mkubwa wa wataalamu akarudi nyuma, amekunja pua.

"Mama, mbona unatema hapo?"

"Hiyo ni baraka," nikamwambia.

"Sawa. Na ni nani amezikwa hapa?"

"Ni mzee wetu," mama akasema.

"Anaitwa nani?"

Mama akanigeukia mimi. Kwetu jina la aliyekufa halitajwi, na mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa. Nilimweleza hayo yote, akatikisa kichwa.

"Jina hakuna, na mawe yenyewe ni ya juzi. Hii nitaandika ni mawe ya ujenzi tu."

Akapangusa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu. Alikuwa amechimbua shamba zima akitafuta watu asiowajua, lakini hapo hakuinua hata jiwe moja. Nilimchukia. Chai aliyotugawia ilinishinda kunywa.

Tingatinga lilipolisukuma rundo, mifupa ikatokea. Mtaalamu huyo akaja mbio na brashi zake, macho yanameremeta, anawafokea vijana wasikanyage. Wale wale waliokojoa hapo sasa walikuwa wamesimama mbali, kofia mkononi. Babu akatiwa kwenye mifuko, kipande kwa kipande, kama vile visu.

Kisha mtaalamu akamwendea mama aliyekuwa akitazama, anatabasamu, ametanguliza viganja. Mwenzake alishika simu tayari kwa picha.

"Mama, si unibariki basi na mimi? Tema tu, sitajali."

Mama hutemea mate watoto wa majirani, ndama, hata wageni wanaoondoka. Hajawahi kumnyima mtu. Aliviangalia vile viganja, mashavu yamejaa. Halafu akameza mate yote, akaenda nyumbani.